Diski ya Nje Isipoonekana kwenye Kompyuta: Namna ya Kutafuta Hitilafu Bila Kupoteza Faili

Mtu ambaye diski yake ya nje imekataa kuonekana kwenye kompyuta huwa na haja mbili kwa wakati mmoja: anataka diski ifanye kazi tena, na anataka faili zilizomo. Haja hizi mbili hazipiti njia moja. Kufomati diski kunaweza kuirudisha kazini upesi sana, na papo hapo kukafuta ramani ya kuzifikia picha za harusi, tasnifu ya mwanafunzi wa Makerere, au michoro ambayo mchapaji wa Nasser Road, mtaa wa wachapaji jijini Kampala, amewatunzia wateja wake kwa miaka. Kwa hiyo, kabla hujagusa chochote, amua ni kipi unachotaka kukiokoa. Mwongozo huu ni wa mtu anayezitaka faili zake, na hatua zake zimepangwa kwa sababu hiyo: zile zisizoandika chochote juu ya diski zinatangulia, na zile zinazoandika zinangoja mpaka nakala ipatikane.

Ili diski ionekane, mambo matatu hufuatana. Kwanza hupata umeme wa kutosha na sahani zake, zile zinazobeba data ndani, zikaanza kuzunguka. Kisha bodi yake ya elektroniki hujitambulisha kwa kompyuta kupitia USB. Mwishowe kompyuta husoma jedwali la vigawanyo (orodha ya sehemu ambazo diski imegawanywa) na mfumo wa faili (mpangilio unaoonyesha kila faili iko wapi), ndipo herufi kama E: au F: inapojitokeza. Kazi yako ni kujua mnyororo huo umekatikia wapi, kwa maana dawa ya pete moja haiponyi nyingine, na mtu anayesakinisha draiva upya ilhali waya wake umekatika ndani anajichosha bure.

Umeme na waya

Anza hapa, hata kama una hakika kwamba tatizo liko kwingine. Diski ndogo za kubeba mkononi, zile za inchi 2.5, hupata umeme wao wote kutoka kwenye tundu la USB. Tundu la USB 2.0 limewekewa kiwango cha miliampea 500 kwa volti 5, na la USB 3.0, ambalo mara nyingi huwa na plastiki ya bluu ndani, miliampea 900. Mota ya diski hudai umeme mwingi zaidi inapoanza kuzunguka kuliko inapokuwa imeshashika kasi. Ndiyo sababu taa yake huweza kuwaka vizuri kwenye kompyuta ya zamani, au kwenye kigawanya USB (hub) kisicho na umeme wake, na bado sahani zisizunguke. Taa peke yake haithibitishi kitu. Iweke diski juu ya kiganja na usikilize: iliyo nzima hutoa mtetemo mwepesi usiokatika na mvumo mdogo wa sauti moja. Ikianza kuvuma, ikafa, ikaanza tena, shuku umeme kwanza. Diski za SSD hazina kitu kinachozunguka, kwa hiyo ukimya wao si dalili ya ugonjwa.

Ondoa kigawanya USB na uichomeke diski moja kwa moja kwenye kompyuta. Kama ni kompyuta ya mezani, tumia matundu ya nyuma, kwa sababu yamefungwa kwenye ubao mkuu wenyewe, ilhali yale ya mbele huunganishwa kwa nyaya za ndani ambazo hulegea.

Baada ya tundu, waya. Diski nyingi za kubeba zina tundu pana lenye sehemu mbili zilizoshikana, moja kubwa na moja ndogo. Kichwa cha waya wake ni chembamba na hulegea upesi, hasa kwa mtu anayeikunja diski na waya wake pamoja ndani ya begi. Jaribu waya mwingine unaojulikana kuwa mzima. Ukiukosa, kuna njia ambayo watu wengi hawaijui: waya wa kawaida wa simu za zamani, ule wa micro-USB, huingia sawasawa katika ile sehemu kubwa ya tundu hilo pana, na diski itafanya kazi kwa mwendo wa USB 2.0. Ni polepole, lakini inatosha kutoa faili, na karibu kila nyumba hapa kwetu Uganda, kuanzia Arua hadi Busia, ina waya wa namna hiyo kwenye droo. Hakikisha tu kwamba ni waya unaopitisha data, kwa kuwa baadhi ya nyaya za bei rahisi zimeundwa kwa ajili ya kuchaji peke yake. Kwa nyaya za USB-C tahadhari ni hiyohiyo.

Diski kubwa za mezani, za inchi 3.5, zina adapta yao, kwa kawaida ya volti 12. Umeme wetu wa Uganda ni wa volti 240, na adapta nyingi huupokea bila shida. Kinachoziua ni kupanda na kushuka kwake, hasa ule mshtuko wa umeme unaporudi baada ya kukatika. Ikiwa diski ya aina hii imezima kabisa, bila taa wala mvumo, adapta ndiyo mshukiwa wa kwanza, na kuibadilisha ni gharama ndogo. Soma maandishi madogo yaliyo juu yake: volti lazima zilingane, ampea zisipungue zilizoandikwa, na upande wa chanya wa kichwa chake uwe uleule. Usichukue chaja ya laptopu eti kwa sababu kichwa chake kinaingia. Nyingi kati ya hizo hutoa volti 19, na volti 19 kwenye diski ya volti 12 huunguza bodi ambayo huenda ilikuwa nzima.

Halafu fanya jaribio lenye thamani kuliko yote, nalo ni kuichomeka diski hiyohiyo, kwa waya huohuo, kwenye kompyuta nyingine. Ikionekana huko, diski yako haina ubaya na tatizo liko kwenye kompyuta yako. Isipoonekana popote, umejiokolea saa nyingi za kuhangaika na mipangilio ya Windows.

Sauti zinazokutaka usimame

Ukisikia sauti ya kugonga inayojirudia, tak, tak, tak, au mlio mwembamba wa kukatikakatika, chomoa diski na usiirudishe. Sauti hiyo ya kugonga kwa kawaida ni vichwa vya kusomea vinavyotafuta mahali pao bila kupaona. Mlio mara nyingi ni mota iliyokwama au vichwa vilivyonata juu ya sahani. Kila dakika unayoiacha ikijaribu, vichwa vilivyoharibika vinaweza kuikwangua sahani yenyewe, na kilichokwanguliwa hakirudi.

Usiiweke kwenye friji, usiigonge mezani, usiifungue. Vichwa hivyo huelea juu ya sahani kwa umbali wa nanomita chache tu, na chembe ya vumbi la kawaida ni kubwa mara nyingi kuliko nafasi hiyo. Diski iliyofunguliwa juu ya meza ya karakana, mlango ukiwa wazi na vumbi jekundu la kiangazi likiingia, imepunguziwa sana matumaini hata kwa mtaalamu atakayeipokea baadaye. Naliandika hili kwa mkazo kwa sababu wapo mafundi wema, wenye nia safi kabisa ya kusaidia, ambao hufungua kifuniko «ili waone».

Kinachoonekana ndani ya Windows

Ikiwa diski inavuma sawasawa lakini haimo miongoni mwa diski nyingine, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na X, uchague Disk Management. Unaweza pia kubonyeza Windows na R, ukaandika diskmgmt.msc. Ukurasa huu huonyesha kila diski ambayo kompyuta imeitambua, iwe na herufi au isiwe nayo. Sehemu ya chini huwa na safu moja kwa kila diski. Safu ya diski yako ya nje utaijua kwa ukubwa wake, na usishtuke ukiona 931 GB kwa diski iliyouzwa kama ya terabaiti 1: mtengenezaji huhesabu kwa makumi na Windows huhesabu kwa vizidishi vya 1024, wala hakuna kilichoibwa.

Hali nyepesi kuliko zote ni safu yenye mstari wa bluu lakini haina herufi, jambo linaloweza kutokea herufi yake ya zamani ikichukuliwa na kitu kingine. Bofya mstari huo kwa kitufe cha kulia, chagua Change Drive Letter and Paths, kisha Add, na uipe herufi isiyotumika. Faili zako zitatokea palepale. Safu ikiandikwa Offline, bofya kulia kwenye kisanduku cha kushoto chenye jina la diski na uchague Online.

Hali ya pili inahitaji moyo mtulivu. Windows hutoa kidirisha kinachosema kwamba lazima ufomati diski kabla ya kuitumia, na katika Disk Management mfumo wa faili umeandikwa RAW. Bofya Cancel. Kidirisha hicho hakijui kama diski yako imejaa au ni tupu. Kinachosema ni kwamba Windows imeshindwa kuuelewa mfumo wa faili ilioukuta. Mara nyingi faili bado zimo, na kilichoharibika ni kurasa chache za mwanzo zinazoeleza ziko wapi, pengine kwa sababu umeme ulikatika au diski ilichomolewa katikati ya kuandika. Vivyo hivyo kwa kidirisha kinachokutaka uanzishe diski upya, yaani Initialize Disk, ambapo mstari huwa mweusi na kuandikwa Unallocated. Hapo pia bofya Cancel, kisha utazame ukubwa ulioandikwa. Ukiwa sahihi, bodi inawasiliana na sahani na kuna matumaini mazuri kwa njia ya programu. Ukiwa sifuri, au pakiandikwa No Media, bodi inajibu lakini haifiki kwenye data, na hiyo ni kazi ya mtaalamu.

Kabla hujahukumu kwamba mfumo wa faili umeharibika, jiulize diski ilitumiwa wapi mara ya mwisho. Windows haisomi yenyewe mifumo ya Mac, yaani HFS+ na APFS, wala ext4 ya Linux bila msaada wa ziada, na baadhi ya televisheni hufomati diski kwa namna yao zinapotumiwa kurekodi vipindi. Diski kama hizo si mbovu. Zirudishe kwa kifaa kilichozifomati. Na kama ni diski ya ofisini iliyofungwa kwa BitLocker, kufuli la siri la Windows, utahitaji nywila au ule ufunguo wa tarakimu 48. Bila hivyo hakuna fundi atakayeifungua.

Safu isipokuwepo kabisa, nenda kwenye Device Manager kwa njia ileile ya Windows na X. Ukikuta kifaa cha USB kisichojulikana chenye alama ya njano na namba ya hitilafu 43, kompyuta imehisi kitu lakini hakikuweza kujitambulisha. Bofya kulia, chagua Uninstall device, chomoa diski, zima na uwashe kompyuta, kisha ichomeke tena. Katika sifa za USB Root Hub, kwenye ukurasa wa umeme, ondoa alama inayoiruhusu kompyuta kuzima tundu ili kuokoa umeme. Ukishafanya hayo na hitilafu 43 ikabaki kwenye kompyuta mbili tofauti na nyaya mbili tofauti, achana na mipangilio: ugonjwa uko kwenye bodi au kikasha cha diski.

Kwenye Mac, fungua Disk Utility na uamuru vifaa vyote vionyeshwe. Kumbuka kwamba Mac husoma NTFS, mfumo wa faili wa Windows, lakini haiandiki juu yake bila programu ya ziada, na wengi hudhani diski imekufa kumbe inakataa kuandikwa tu. Kwenye Linux, amri ya lsblk itakuonyesha kama diski ipo, na dmesg itakueleza kilichotokea ulipoichomeka. Flashi yenye Ubuntu (aina mojawapo ya Linux) ya kujaribia bila kusakinisha ni chombo kizuri kuwa nacho hata kwa mtumiaji wa Windows, maana hutenganisha mara moja ubaya wa diski na ubaya wa Windows.

Diski inaonekana, lakini ni kama tupu

Hali hii hapa kwetu ni ya kawaida mno. Mtu hupeleka diski yake kwenye kibanda cha kujaziwa filamu, zile zilizotafsiriwa kwa Kiganda na ma-VJ (wasimulizi wa filamu), na kompyuta ya kibanda hicho hupokea flashi na diski za watu kutwa nzima. Akirudi nyumbani, folda zake zote zimegeuka njia za mkato, au hazionekani, ilhali nafasi iliyotumika imebaki ileile. Tazama nafasi hiyo kwanza. Ikiwa diski inasema imejaa nusu nawe huoni kitu, faili zimefichwa na kirusi, hazijafutwa.

Usibofye njia yoyote ya mkato, kwa sababu ndiyo inayokiamsha kirusi. Isafishe diski kwa programu ya kuzuia virusi iliyosasishwa, kisha fungua Command Prompt na uandike amri hii, ukiweka herufi ya diski yako mahali pa E:

attrib -h -r -s /s /d E:\*.*

Amri hiyo huondoa alama za kufichwa kwenye faili na folda zote. Kwa diski kubwa huchukua muda, iache imalize.

Kutoa faili

Ikiwa diski inaonekana kwa kulegalega, ikichelewa na kugandisha kompyuta, usianze na matengenezo. Anza kunakili, na anza na vitu vidogo visivyo na mbadala: nyaraka, hesabu, picha za familia. Filamu utazipata tena. Programu ya bure ya CrystalDiskInfo itakusomea taarifa za afya ambazo diski hujiwekea yenyewe. Zingatia mistari yenye namba 05, C5 na C6, inayohusu sekta (vipande vidogo vya diski vinavyobeba data) zilizohamishwa, zinazosubiri uamuzi na zisizosomeka. Namba hizo zikianza kupanda, diski inakufa polepole, hata kama leo imefunguka vizuri.

Usikimbilie chkdsk, amri ya Windows ya kukagua diski. Watu wengi hupeana amri hiyo kama dawa ya kila kitu, lakini ikipewa ruhusa ya kurekebisha huandika juu ya diski, na inaweza kukata viunganishi vya faili ulizokuwa unazitafuta na kuyatupa mabaki yake katika folda ya FOUND.000. Ni chombo kizuri baada ya nakala kupatikana. Kabla ya hapo ni kamari.

Kwa diski iliyo RAW lakini yenye afya, TestDisk, ambayo ni ya bure, huweza kutafuta kigawanyo kilichopotea na kukuwezesha kunakili faili pamoja na majina yake. Mwenzake PhotoRec hutafuta faili kwa sura zao tu, kwa hiyo huzirudisha bila majina wala folda, na utakuwa na kazi ya kupanga. Kwa diski yenye sekta mbovu, njia bora ni kutumia GNU ddrescue kwenye Linux kuchukua taswira (nakala kamili) ya diski nzima, kisha kufanya kazi yote juu ya taswira hiyo. Kwa vyovyote vile, unachookoa kihifadhiwe kwenye diski nyingine. Ukikirudisha kwenye diski ileile unaandika juu ya kile ambacho hujakiokoa bado. Kazi hizi huweza kuchukua usiku kucha, kwa hiyo zianze kwenye laptopu yenye betri iliyojaa, au kompyuta yenye UPS.

Unapompelekea fundi

Muulize mapema atafanya nini. Akisema atabadilisha bodi kwa kuchukua ya diski nyingine ya modeli hiyohiyo, muulize kama atahamisha na ile chipu ndogo ya ROM, kwa sababu katika diski za kisasa chipu hiyo hubeba vipimo vya diski husika peke yake, na bodi iliyobandikwa bila hiyo kwa kawaida haisaidii. Akisema ataitoa diski kwenye kikasha na kuiunganisha kwa SATA, yaani kiunganishi cha diski za ndani ya kompyuta, hilo linaweza kuwa sahihi, kwani vikasha vingi vina kadi ndogo ya kubadilisha USB kuwa SATA na kadi hiyo huungua. Lakini baadhi ya diski zina tundu la USB lililounganishwa kwenye bodi yenyewe, bila SATA, na nyingine husimba data kupitia kadi hiyo, kiasi kwamba bila kadi hutasoma kitu. Atazame modeli kwanza.

Ikiwa diski ina taarifa za wagonjwa, wanafunzi au wateja, kumbuka kwamba Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya Uganda ya mwaka 2019 inakuwajibisha wewe unayezitunza. Andikianeni kwamba hazitanakiliwa kwa matumizi mengine, na ikiwezekana keti hapo kazi ikifanyika.

Faili zikishatoka salama, sasa ndipo unaweza kuifomati diski. Chagua exFAT ikiwa itatembea kati ya Windows na Mac, au NTFS ikiwa itakaa kwenye Windows peke yake, kwa kuwa NTFS huweka kumbukumbu ya mabadiliko na huvumilia zaidi kukatika kwa umeme. Kwa diski inayozidi terabaiti 2 chagua GPT kuwa aina ya jedwali la vigawanyo. Ondoa alama ya Quick Format ili kila sekta ipimwe, hata ikichukua saa nyingi, kisha urudi kwenye CrystalDiskInfo ulinganishe namba za 05 na C5 na ulizoziona mwanzoni. Zikiwa zimesimama, diski inaweza kubeba nakala ya pili ya vitu ulivyo navyo kwingine. Zikiwa zimepanda, itumie kwa filamu tu.